Vibuyu Vinne vya Nyirabagenzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mukakalisa alikuwa na kazi mbili: kufagia zizi la ndama na kuosha vyombo vya maziwa. Zizi alilifagia ameziba pua kwa ncha ya kitambaa, huku akikanyaga kwa vidole vya miguu. Vyombo aliviosha kwa furaha, maana maji ya moto na moshi wa nyasi zenye harufu nzuri havikumtia kinyaa. Na kinyaa, jamani, ndicho kilichokuwa ugonjwa wa msichana huyu. Hakunywa katika kikombe cha mtu mwingine. Akiona unywele kwenye uji, aliacha uji wote. Mdogo wake akipenga kamasi karibu naye, chakula cha mchana kilimshinda. Kaka zake walimwita Mama Kinyaa, naye hakukasirika. Aliona ni sifa.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ulikuwa 1953. Baba yake, Gatera, alichunga ng'ombe kwenye vilima vya Kirolirwe, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, na mama yake, Athanasie, aliuza maziwa na siagi. Lakini vyombo vya maziwa vilikuwa chini ya amri ya mtu mmoja tu, bibi yake, mzee Nyirabagenzi, ambaye wajukuu walimwita Nyogokuru kama ilivyo desturi ya Wanyarwanda. Ndani ya nyumba, juu ya ukingo wa udongo uliosiribwa vizuri, alivipanga vyombo vyake. Ukutani juu ya ukingo huo vilining'inia vibuyu vinne vyepesi vyenye midomo mipana na vifuniko vya kusukwa. Hivyo vilikuwa vya akiba, vya kutumiwa siku maziwa yakiwa mengi.

"Chombo ya maziwa inaingiaka maziwa tu," Nyogokuru alikuwa akisema. "Hata maji ya kunywa, hapana."

Siku moja Mwalimu Evode aliwakusanya wanafunzi wake mbele ya bustani ya shule. Miaka ile shule ilikuwa na bustani kama ilivyokuwa na ubao, na mtoto alipimwa kwa kabichi zake kama kwa hesabu zake.

"Batoto, munisikilize," alisema. "Mwaka jana tulipanda miche mu vyungu vya udongo. Kila mangaribi kuingiza mu klasi, kila asubuhi kutosha inje, kwa sababu ya baridi na mvua ya mawe. Mulilia wote: 'Mwalimu, iko muzito!' Honoré akaangusha yake ku kidole. Sasa mwaka huu kila muntu alete vyombo vine mwepesi, yenye anaweza kubeba na mukono moya. Muisafishe. Na chini mutoboe matundu. Maji ikikosa njia ya kutokea, mizizi inaoza."

Mtoto mmoja aliuliza kama angeweza kuleta kopo la dawa ya kupe kutoka shamba la mzungu. Mwalimu alikataa katakata. Alisema kopo lililobeba sumu halifai kukaribia chakula, hata lingeoshwa wiki nzima.

Jumatatu watoto walikuja na vyombo vyao, na Mukakalisa akavitazama kama mtu aliyeonyeshwa vidonda. Wengine walileta makopo ya sardini yaliyonuka samaki wa zamani. Wengine walileta vikapu vilivyochakaa, wamevitandika majani ndani. Valérie, rafiki yake wa dawati moja, alileta vyombo vya maganda ya mgomba. Kwao walikuwa wakulima wa Kihunde, watu wa maharagwe na migomba, nao walijua kukunja maganda makavu ya shina, kuyafunga kwa kamba ya mgomba wenyewe na kupata kikopo kizuri ambacho hata mtoto wa miaka mitatu angekibeba. Maji yalijichuja chini yenyewe. Siku ya kuhamisha miche, unachimba shimo na kuzika kila kitu, maana ganda linaoza ardhini bila kuumiza mzizi.

"Haujaleta kitu?" Valérie alimuuliza. "Kuya kwetu mangaribi, nitakuonyesha. Iko rahisi."

Mukakalisa alikwenda. Valérie alimpa ganda la kwanza, naye alipolikunjua, kitu kikamtambalia kidoleni: konokono asiye na gamba, mnene, wa kijivu, anayevuta ute nyuma yake. Mukakalisa alipiga kelele, akautikisa mkono kama unaoungua. Konokono akaruka na kunasa kwenye sketi yake.

"Pthu! Pthu! Sitagusa ile uchafu!" alisema huku akijifuta kwa majani. "Kwenu munaikala na badudu hivi? Ni siye hapana!"

Valérie alimwondoa konokono kwa vidole viwili, akamweka nyasini. Mama yake, Constance, aliyekuwa amekaa mlangoni na tumbo la miezi minane, alisikia yote. Hakumkaripia mtoto wa watu, lakini hakumkaribisha tena viazi alivyokuwa akimchomea.

Mukakalisa alirudi nyumbani hana chombo hata kimoja. Wiki hiyohiyo Nyogokuru alikuwa amepelekwa hospitali ya Kirotshe kutibiwa macho, akae huko kwa shangazi mwezi mzima. Msichana alisimama mbele ya ukingo wa udongo, akavitazama vibuyu vinne vya akiba. Vilikuwa vyepesi, vikavu, visafi, na vilinukia moshi mtamu. Hapakuwa na konokono wala samaki. Kwa nini ateseke?

Alijua kwa nini. Alijua vizuri kabisa, ndiyo maana hakumwuliza mama yake. Alijiambia kwamba Nyogokuru hayupo, kwamba miche ni ya wiki nne tu, kwamba yeye ndiye mwoshaji hodari wa nyumba nzima na angevirudisha vinang'aa. Mtu akitaka kufanya kosa hakosi maneno ya kujibembeleza nayo. Akavitungua vibuyu, akavifunga ndani ya mkeka, akavipeleka shuleni kabla ya wenzake kufika.

Kule akavijaza udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, akapanda mbegu za kabichi. Hakutoboa. Kibuyu chenye tundu kingerudije ukutani?

Mwalimu Evode alipopita, alisimama. "Hii iko vyombo vya maziwa. Bibi yako aliruhusu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na chini umetoboa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Uongo wa kwanza ulitoka kwa shida. Wa pili uliteleza. Mwalimu alikinyanyua kimoja kwa mkono mmoja, akasifu wepesi wake, akaendelea na safari yake. Watoto wengine walivutiwa. Mukakalisa alisimama pembeni ya vibuyu vyake kama bibi harusi, akimtazama Valérie na maganda yake kwa jicho la pembeni.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Miche iliota kwa wote. Kisha mvua za Masisi zikaanza, zile zinazonyesha kila alasiri bila kuomba ruhusa. Kwenye maganda ya Valérie maji yaliingia juu na kutoka chini. Kwenye vibuyu yaliingia, yakakaa. Mukakalisa aliona kwamba kila jioni vibuyu vilizidi uzito, mpaka ikabidi avikumbatie kwa mikono miwili na kuvisukuma kwa goti kuvuka kizingiti. Miche yake ikawa ya njano, kisha ikalala.

Halafu ikaja harufu. Asubuhi moja Mwalimu alifungua mlango wa darasa na uvundo ukamlaki kama mtu mwenye hasira. Ulikuwa uvundo wa zizi, wa yai viza na wa maji ya kuoshea nyama, yote kwa pamoja. Watoto walikimbilia nje wakishika pua, na Honoré akaapa kuna panya aliyekufa chini ya sakafu.

"Iko maganda ya Valérie!" Mukakalisa alisema kwa sauti kubwa. "Ile bitu ya mugomba imeoza."

Macho yote yalimgeukia Valérie. Msichana yule alitoa maganda yake nje moja moja, akayaweka mbali na vyombo vingine, karibu na choo, machozi yakimtiririka. Mukakalisa alilitazama jambo hilo na kunyamaza. Huu ni uchafu ambao hakuna sabuni ya kuuosha, lakini siku ile yeye aliona amepona.

Jioni, wenzake walipoondoka, alivipeleka vibuyu vichakani na kuviinamisha kimoja kimoja. Matope meusi yalitoka kwa mlio wa kutapika. Ndani yake mlikuwa na funza weupe waliojinyonganyonga, mizizi iliyolainika kama tambi, na povu. Tone moja lilimrukia mdomoni. Mukakalisa alitema mate, akatema tena, kisha akapiga magoti na kutapika chakula chote cha mchana. Alitaka kuvitupa vibuyu bondeni na kukimbia. Lakini ukuta wa nyumbani ulikuwa mtupu, mama yake akidhani Nyogokuru ndiye aliyeviweka pengine, na wiki ilikuwa imebaki moja tu Nyogokuru arudi.

Akavisugua kijitoni kwa mchanga na majivu. Akavisugua siku tatu. Alipofika mbele ya Mwalimu alisema miche yake imekufa kwa baridi na vyombo amevirudisha. Nyumbani akavifukiza kwa moshi mwingi mpaka macho yakamwuma, akavitundika mahali pake. Kwa nje vilikuwa vizuri kuliko zamani. Ndani, hakutia mkono wala pua. Aliogopa kujua.

Nyogokuru alirudi na habari. Mama wa Valérie alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, lakini siku nne baadaye homa kali ilimkamata, wakambeba kwa machela mpaka hospitali ya Kirotshe. Mtoto alibaki nyumbani na dada yake Valérie na nyanya yake mzaa baba, kwa maana wauguzi walisema mama hawezi kumnyonyesha kwa sasa.

"Hakuna mutoto atakufa na njaa pembeni ya ng'ombe zetu," Nyogokuru alisema. "Kila asubuhi nitachemusha maziwa, niyapoze, Mukakalisa ataipeleka."

Asubuhi iliyofuata akatungua kibuyu kimoja ukutani. Alikinusa, macho yake bado yana ukungu. "Iko na moshi mingi. Nani aliifukiza?"

"Ni miye, Nyogokuru."

"Uko mutoto muzuri."

Neno hilo lilimchoma Mukakalisa kuliko kofi. Alitaka kusema ukweli, badala yake akamletea kifuniko. Maziwa yaliyochemshwa yakamiminwa, kifuniko kikabanwa, naye akakabidhiwa.

Njiani alitembea polepole. Kibuyu kilikuwa chepesi mkononi, lakini yeye alikiona kizito. Alipofika penye vichaka vya kijito alikaa, akafungua kifuniko. Moshi ulikuja kwanza. Nyuma ya moshi ukaja ule uvundo, mdogo, mwembamba, lakini ni ule ule. Juu ya maziwa meupe palielea vipande vyeusi vitatu, vidogo kama mbegu za mtama, vilivyobanduka ukutani mwa kibuyu.

Alifikiria kuyamwaga. Lakini angesema nini, na mtoto angekula nini? Alifikiria kuvitoa vile vipande kwa kijiti na kunyamaza. Hakuna angejua. Mwaka uliopita mtoto wa jirani alikuwa ameharisha siku mbili tu, na siku ya tatu walimzika. Mukakalisa alilikumbuka lile jeneza, fupi kama sanduku la sabuni. Alikifunga kibuyu na kuendelea mbele, bado hajui atafanya nini.

Kilio cha mtoto kilisikika kabla nyumba haijaonekana. Kilikuwa kimekauka, kilio cha mtu aliyechoka kuomba. Valérie alitoka mbio, akamnyang'anya kibuyu bila salamu, akamimina maziwa kwenye kikombe kidogo. Nyanya alikwisha kumwinua mtoto kichwa. Kijiko kikachovywa, kikapanda.

"Usimupe!" Mukakalisa alipiga kelele. Aliuruka moto wa jikoni, akakipiga kijiko kikaanguka. "Valérie, usimupe! Iko muchafu!"

Nyanya alimkumbatia mtoto kifuani kwa hofu. "Unasema nini, we mutoto?"

"Ile kibuyu nilipanda ndani kabichi," Mukakalisa alisema. "Niliweka udongo na samadi, sikutoboa. Ikaoza, ikatosha funza. Njo yangu ilinuka mu klasi, haikuwa ya Valérie. Nilidanganya Mwalimu, nilidanganya Nyogokuru. Nilidanganya bantu yote."

Valérie alikinusa kikombe. Uso wake ulikunjamana, akakisukuma mbali.

"Uliniona nalia pale ku choo," alisema taratibu, "ukanyamaza. Na leo ulibeba hii mupaka hapa kwetu." Akamtazama Mukakalisa kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama vile Mukakalisa alivyomtazama konokono. "Ni weye njo muchafu."

Mukakalisa alikichukua kibuyu, akakimbia kilima chote bila kupumzika, mtoto akilia nyuma yake.

Nyogokuru alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua kisu, akapitisha ncha yake ndani ya kibuyu, akakwangua. Uchafu mweusi, wenye utelezi, ukajikusanya kwenye kisu. Akaunusa, akageuza uso, akatema mate mlangoni.

"Jana nilipofika, nilipewa maziwa mu ingine ya hizi, nikakunywa," alisema. "Njo ile kisa tumbo ilinisumbua. Miye niko muzee, tumbo yangu imeona mengi. Na ule mutoto wa siku kumi?"

Mukakalisa alianza kulia.

"Utalia kisha. Washa moto."

Walichemsha maziwa mengine. Nyogokuru alichukua chombo cha mti alichokiamini, akakisuuza mwenyewe kwa maji yaliyotokota, akamimina. Wakashuka pamoja, mzee akimshika mjukuu bega kwa sababu ya macho yake. Yeye mwenyewe aliomba msamaha kwa nyanya ya Valérie, mbele ya majirani, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Kumwona bibi yake ameinamisha kichwa kwa ajili yake ndiyo adhabu ambayo Mukakalisa hakuisahau mpaka uzeeni. Mtoto alikunywa kijiko baada ya kijiko, akanyamaza, akalala na maziwa kidevuni.

Siku iliyofuata Nyogokuru alikwenda shuleni na vibuyu vinne na msumari uliopashwa moto. Mbele ya darasa zima alimwamuru Mukakalisa avitoboe kila kimoja matundu matatu chini. "Haitarudi tena ku maziwa," alisema. "Kibuyu inakunywa kila kitu unaweka ndani. Udongo iliingia mupaka mu nyama yake."

Mukakalisa alitoboa, kisha akageuka na kuwaambia wenzake, kwa kinywa chake, harufu ile ilikuwa ya nani. Wengine walicheka, wengine wakamzomea. Valérie hakucheka wala kuzomea.

Mwalimu Evode alingoja kelele zitulie. "Batoto, chombo cha kupandia tunachagua kwa mambo tatu," alisema. "Kiwe mwepesi, kiwe na tundu, na kazi yake ya zamani isikatae kazi yake ya sasa. Mukakalisa alitazama ya kwanza tu." Akavipanga vibuyu juani, akampa mbegu mpya.

Njiani kurudi, Nyogokuru alisema. "Mwana wangu, kinyaa haiko mubaya. Inatulinda na magonjwa. Lakini yako ilikuwa ya macho na ya pua tu. Konokono uliikimbia, uongo uliikumbatia. Kama unataka kuwa muntu musafi, anzia ku mudomo. Kitu yenye umeharibu, useme palepale, ingali ndogo. Ukiificha, muntu mwengine njo ataikunywa."

Kisha akampa amri. Mpaka mama wa Valérie apone, Mukakalisa atapeleka maziwa kila siku kama ilivyopangwa, na kila siku, mlangoni kwa wenyewe, atakunywa yeye kwanza, kutoka kikombe kilekile cha mtoto.

Asubuhi iliyofuata alifika na chombo cha mti. Valérie alisimama mlangoni amekunja mikono. Mukakalisa alikichukua kikombe, kile ambacho mtoto alikuwa amekitemea jana yake, akamimina kidogo, akanywa mpaka tone la mwisho, bila kufuta ukingo. Akasubiri.

Valérie alikinusa chombo. Kisha akayapokea yale maziwa, akaingia ndani, na safari hii akauacha mlango wazi.